Mashine Isiyochafuka

Bwenini, tarehe 12 Julai

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kama nilivyo mimi huku, isipokuwa shingo iliyokaa vibaya kwenye basi. Tulifika salama. Kitanda changu ni kile kile cha juu, karibu na dirisha lisilofungika, na godoro bado lina shimo la umbo langu, kwa hiyo sikujihisi mgeni. Matroni anakusalimu. Alilishika shati langu la shule, akaligeuza akatazama mishono kwa ndani, akasema, "Aliyeshona hili anajua kazi." Nikamwambia ni shangazi yangu. Msalimie sana jirani yetu fundi viatu. Mwambie gundi yake imeshika. Nimecheza mpira wa wavu na viatu havijafungua mdomo.

Sasa nije kwa mpangaji, maana ndivyo ulivyoiita kompyuta yangu tangu siku nilipoiweka kwenye chumba chako cha kushonea. Nilipokuwa nakueleza siku ya kuondoka, ulikuwa na pini mdomoni na ulikuwa ukiitikia kwa kichwa tu, kwa hiyo naona nirudie polepole.

Kuna wataalamu wenye hesabu kubwa mno, ambayo kompyuta moja ingeihangaikia miaka na miaka. Basi wanaikata vipande vidogo, na mashine za watu kila mahali zinachukua vipande, zinavifanyia kazi na kurudisha majibu. Hesabu zenyewe ni za jinsi protini za mwilini zinavyojikunja. Zikijikunja vibaya, mtu anaugua. Yangu ni ndogo sana kati ya hizo. Mazabodi, ule ubao wake mkuu wa nyaya, ilitupwa na ofisi iliyokuwa ikihama, feni nilizitoa kwenye mashine mbili mbovu, na badala ya sanduku kuna ile droo ya kabati letu lililovunjika. Yote imekuja kwa bei ndogo kuliko viatu vyangu. Lakini nayo inahesabu, Shangazi. Nikilala inahesabu, nikiwa darasani inahesabu.

Haina skrini kwa sababu nitaitazama na kuiamuru mimi kutoka hapa. Kila saa inaandika mstari mmoja, joto lake na vipande ilivyomaliza, na kuutuma kwenye ukurasa wangu. Mwalimu wa kompyuta ameniruhusu nusu saa kila Jumamosi.

Adui yake ni vumbi la vitambaa. Ukikata na kushona, nyuzi ndogo zinaruka, feni inazivuta, nazo zinajazana kwenye bamba la kupozea mpaka mashine inakosa hewa. Tafadhali, kila Jumapili izime, fungua kifuniko, pitisha ile brashi ya kupakia rangi, halafu inamisha uso karibu na upulize kwa mdomo kwa nguvu zako zote mpaka vumbi litoke. Kisha iwashe.

Jambo la mwisho, na usiliruke. Ulimwahidi daktari kwamba utarudi kupigwa picha ya kifua. Umeenda?

Mimi mwanao,
Pini


Nyumbani, tarehe 25 Julai

Pini wangu,

Marahaba, marahaba. Barua yako imechukua wiki nzima, nadhani ilikuja kwa miguu. Nimefurahi umefika. Hilo dirisha lisilofungika liwekee gazeti, na ulale na soksi. Mwambie matroni asante, na mwambie mshono wa kwapa bado sijauonea fahari. Nilikuwa na haraka.

Mpangaji wako mzima. Hali, hanywi, hamwamkii mtu, ananguruma tu kutwa nzima. Fundi viatu kila akipita mlangoni anauliza, "Huyo bado anahesabu?" Namwambia bado. Anasema, "Basi akimaliza aje ahesabu wateja wangu, kazi rahisi, hatachelewa."

Ulivyoandika kuhusu kukunja, nilicheka peke yangu. Watu wote hao wenye elimu zao wanatafuta jinsi ya kukunja! Si wangekuja kwangu? Halafu nikawa napiga pasi marinda, nikafikiri. Ukikikunja kitambaa vibaya na pasi ikapita juu, ile alama haitoki tena, hata ukilowesha. Basi nikaelewa unachosema, na nikaacha kucheka.

Jumapili nimefanya kama ulivyoagiza. Nimepuliza mpaka kizunguzungu kikanishika, nikakaa chini sakafuni kama mtoto. Yametoka manyoya ya kujaza mto.

Kazi ipo. Nimeletewa mashati thelathini ya bluu, ya mafundi wa karakana, kola ngumu na mifuko miwili kila moja. Cherehani haipoi.

Kuhusu kifua, hiki ni kikohozi cha kazi. Kila fundi cherehani anacho, kama fundi viatu alivyo na vidole vyeusi. Wewe soma. Mtihani wa majaribio ni lini? Nitataka kujua umekuwa wa ngapi.

Shangazi yako


Shuleni, tarehe 9 Agosti

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo. Mvua imenyesha siku tatu na uwanja umekuwa matope, kwa hiyo tunafanya mazoezi ya viungo ndani ya bwalo, kati ya meza. Gazeti nimeliweka dirishani. Soksi navaa.

Leo nimemwona mpangaji! Maana yake, nimeona ukurasa wake. Mwalimu wa kompyuta alinionyesha jinsi ya kuigeuza ile mistari kuwa mchoro, na mchoro wenyewe una meno kama ya mkasi wako wa kukatia pindo. Jumatatu joto ni digrii 66. Linapanda kidogo kidogo wiki nzima kadiri unavyoshona, Jumamosi linafika 81. Halafu Jumapili, saa nne asubuhi, mstari unakatika kidogo, na ukirudi uko 65. Shangazi, hapo ni wewe! Hapo ndipo umeshika brashi. Niliweka kidole juu ya skrini.

Mwenzangu wa dawatini akaniuliza, "Unamtabasamia nani?"

"Shangazi."

"Yuko wapi?"

"Huyu hapa, saa nne asubuhi."

Akasema nikapumzike, mtihani umenipanda kichwani.

Mpaka leo tumemaliza vipande tisini na sita. Nasema tumemaliza kwa sababu bila wewe ingekwisha kuzimika kwa joto. Huwa nafikiri labda mahali fulani kuna mgonjwa ambaye dawa yake itatoka kwenye kipande chetu kimoja, naye hatajua kamwe kwamba kilihesabiwa kwenye droo. Mwalimu anasema nisitarajie haraka, mambo haya huchukua miaka. Mimi nina subira.

Hukunijibu kuhusu hospitali. Niliuliza kuhusu picha ya kifua, ukaniandikia kuhusu vidole vya fundi viatu. Na kizunguzungu kile, ni kweli ulikaa sakafuni? Tafadhali nenda. Nikijua umeenda nitasoma vizuri zaidi. Mtihani wa majaribio unaanza Jumatatu ijayo.

Mwanao,
Pini


Nyumbani, tarehe 30 Agosti

Pini,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, usinune. Kazi.

Hospitali nilipita. Daktari alikuwa na foleni ndefu, akanitazama, akasema aliyoyasema. Yamekwisha hayo.

Mashati yanaendelea. Niko kwenye kola. Mpangaji namfuta kama kawaida, usiwe na shaka naye. Fundi viatu anakusalimu, amepata miwani mipya na sasa anagundua makosa yake ya miaka mitano iliyopita kwenye viatu vya watu wanaopita barabarani. Anawaita mmoja mmoja, "Hebu lete hicho!"

Mtihani ulikwendaje? Umekuwa wa ngapi?

Shangazi yako


Shuleni, tarehe 13 Septemba

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Asante kwa barua, ingawa ilikuwa fupi kama risiti. Nimeisoma mara nyingi ili iwe ndefu. Nimefurahi sana kwamba ulikwenda hospitali. Aliyoyasema daktari ni yapi?

Nina habari njema. Shangazi, wewe ni fundi wa kila kitu! Mpangaji hajawahi kuwa na afya kama sasa. Tangu katikati ya Agosti joto lake limeshuka na halipandi tena. Digrii 57, 57, 58, 57, wiki baada ya wiki, mstari umenyooka kama uliopigwa kwa chaki na rula yako. Hata kazi inakwenda haraka zaidi, kwa sababu mashine isiyo na joto haipunguzi mwendo. Tumefika vipande mia tatu na kumi na viwili. Nimewaonyesha wenzangu wote wa chumba cha kompyuta. Nimewaambia, "Huyu ni shangazi yangu, hajasomea kompyuta hata siku moja, na mashine yake ni safi kuliko hizi za shule." Naona sasa unaifuta kila siku, siyo Jumapili tu. Pamoja na kazi zote hizo! Naomba usijichoshe.

Matokeo ya majaribio yametoka. Walimu wanasema bado tuna muda wa kutosha kabla ya mtihani wenyewe tarehe 17 Novemba. Likizo fupi darasa letu hatutoki, tunabaki kujisomea.

Matroni amejifungia mguu kwa bandeji, aliteleza bafuni. Anatembea kwa hasira.

Mwanao anayejivunia wewe,
Pini


Nyumbani, tarehe 27 Septemba

Pini wangu,

Marahaba. Mpe pole matroni, aweke mguu juu ya mto.

Sifa zako nimezisoma, nikaikunja barua, nikaiweka. Usinisifu sana mbele ya watu. Ukiona mashine inafanya vizuri, furahi na mashine yako, mimi niache pembeni.

Mashati bado. Kola ni kazi ya taratibu.

Hujaniambia umekuwa wa ngapi. "Walimu wanasema" siyo namba.

Shangazi yako


Shuleni, tarehe 5 Oktoba

Shangazi,

Shikamoo. Leo sitakuuliza hali mwanzoni, nitauliza mwishoni, kwa sababu nikianza nayo utanijibu kwamba hujambo.

Jana Jumamosi nilimwonyesha mwalimu wa kompyuta mchoro wa miezi mitatu, nikitaka anisifu. Akavuta kiti. Alitazama kwa muda mrefu mpaka nikaanza kuona aibu, akauliza, "Nani anaisafisha hii?"

"Shangazi yangu."

"Mara ngapi?"

"Nadhani kila siku, mwalimu."

"Kusafisha lazima aizime. Mara ya mwisho mashine hii kuzimwa ni tarehe 17 Agosti, saa nne asubuhi. Tangu hapo haijazimwa hata dakika moja." Akaweka kalamu kwenye meno ya mchoro, moja baada ya jingine, akafika pale yanapokwisha. "Binti, hii siyo mashine inayosafishwa. Hii ni mashine isiyochafuka. Iko kwenye chumba gani?"

Nikasema ni chumba cha kushonea. Mara tu nilipolitamka neno hilo nikaelewa, naye akaelewa. Halafu akaondoka akaenda kufuta ubao ambao haukuwa na kitu.

Hakuna vumbi wala joto la pasi kwa sababu hakuna anayeshona. Cherehani zako zimesimama tangu Agosti, na mimi nilikuwa nikipita nikiwaonyesha watu mstari ule na kuwaambia watazame jinsi shangazi yangu anavyofanya kazi.

Kuna jambo jingine ambalo tangu jana halinitoki. Niliona vumbi lile linavyoinyima mashine hewa. Niliandika kwa digrii. Nilijua kila wiki linajaa kiasi gani. Na ndani ya chumba hicho hicho ulikuwa umekaa wewe, saa kumi kwa siku, ukivuta hewa ile ile, nami sikuwahi kufikiria kwamba wewe pia una mahali pa kujaa. Tena nikakuagiza uinamishe uso ukapulize. Uliniandikia kwamba ulipata kizunguzungu ukakaa sakafuni, nami nikajibu kuhusu meno ya mkasi. Niliyajali mapafu ya droo.

Kwa hiyo jana kabla ya nusu saa yangu kwisha niliandika amri ya kuizima. Najua umesikia kimya. Sitaki ipulize tena hewa ya chumba hicho juu yako.

Sasa naomba unieleze kweli. Ili isiwe mimi tu ninayedai, naanza mimi. Katika mtihani wa majaribio nilikuwa wa kumi na tisa. Mwaka jana nilikuwa wa tatu. Hesabu nilipata nusu. Nilikuwa nikikaa na karatasi mbele yangu nikisikia unavyokohoa unapopanda juu, kama ulivyokuwa ukikohoa Juni ukidhani nimelala. Sikukuambia kwa sababu niliogopa utaona umenipeleka shule bure.

U hali gani?

Pini


Nyumbani, tarehe 14 Oktoba

Pini, mwanangu,

Marahaba. Nimekaa na barua yako tangu jana asubuhi.

Jumamosi ile saa sita mchana nilikuwa juu chumbani, nikasikia mpangaji amenyamaza. Miezi mitatu nimemsema kwa kelele zake, na siku hiyo nyumba ilikuwa kama imeondokewa na mtu. Nikasimama juu ya ngazi nikaita, "We! Una nini?" Kama anaweza kujibu. Fundi viatu akasikia akaja mbio na kiatu cha mtu mkononi. Tukabonyeza kila mahali, yaani yeye alibonyeza, mimi nilisimama mlangoni nikielekeza. Tukadhani amekufa. Nikalia, Pini. Nilimlilia mpangaji mbele ya fundi viatu. Kumbe ni wewe umemzima bila hata kuniuliza. Hilo sijalipenda na nakuambia wazi.

Haya. Uliyoyaona ni kweli.

Tarehe 18 Agosti nilikwenda kuchukua majibu ya picha. Daktari ameiweka kwenye taa akanionyesha. Amesema ni vumbi la miaka ishirini na sita. Palipoharibika hapatarudi. Palipobaki panaweza kulindwa, kwa dawa ya kuvuta asubuhi na jioni, na kwa kutoingia tena chumba kile. Nikamwambia nitapunguza. Akasema, "Mama, sijasema upunguze." Nikamwomba nimalizie mashati tu. Akanitazama hivi, akaniuliza kama nina watoto. Nikasema ninaye mmoja, yuko shule. Akasema basi mashati wamalizie wengine.

Kesho yake nikamrudishia mwenye karakana kitambaa chake. Zile kola nilizokuandikia sikuzishona hata moja. Cherehani zimefunikwa shuka. Kuna siku nimeshuka nikasimama mlangoni nikazitazama, halafu nikapanda, na kupanda kukanichukua muda.

Kwa nini sikusema? Kwa sababu nakujua. Ungefunga sanduku siku hiyo hiyo. Baba yako, kaka yangu, aliacha shule darasa hilo hilo ili anisaidie mimi nijifunze cherehani, na hakurudi tena mpaka anaingia kaburini. Sikutaka nimfanyie kosa lile lile mara mbili, yeye kisha binti yake. Nikaona nivumilie tu mpaka Novemba. Sikujua kwamba hiyo droo yako inanisema kila saa.

Lile la kupuliza, liondoe kichwani. Miaka ishirini na sita, na wewe una wiki sita ndani yake. Usijipe ukubwa.

Kuwa wa kumi na tisa siyo bure. Bure ni kunificha. Tumefichana wote, tumelingana.

Sasa sikiliza. Barua yako ilipofika nilimpa fundi viatu aisome ile sehemu ya kuzima. Akajifunga kitambaa puani, akaitoa droo nje uani, akaisafisha yeye, akaibeba mpaka juu, akaiweka kwenye dirisha la chumbani kwangu, mbali na vitambaa. Kitufe nimebonyeza mimi. Inanguruma. Hewa ninayovuta mimi ndiyo inayovuta yenyewe, kwa hiyo itazame, na usiizime tena.

Na usije. Nasema usije. Mimi napima watu na kuchora ruwaza za kukatia nguo kwenye karatasi, kushona anashona fundi mwingine wa mtaa wa pili. Karatasi haina vumbi. Tunakula. Fanya mtihani wako.

Shangazi yako


Shuleni, tarehe 22 Oktoba

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nilipewa jana baada ya chakula cha mchana, nikaisomea nyuma ya jiko ambako hakuna mtu.

Kwanza, samahani kwa kuzima bila kuuliza. Nilikasirika na nafsi yangu nikaitoa hasira kwenye mashine. Mwambie fundi viatu asante, na kwamba kitambaa puani ni wazo ambalo ningepaswa kuliandika mimi Julai.

Pili, nilifunga sanduku. Ulikuwa sahihi. Nilikwenda kwa matroni nikaomba ruhusa. Alikuwa amekaa na mguu juu ya mto. Akaniuliza, "Ukifika nyumbani utafanya nini?" Nikasema nitamhudumia shangazi. "Atafurahi?" Nikautazama mguu wake. Akasema, "Basi utakuwa umekwenda kujifurahisha wewe." Nililia, nikarudi, nikafungua sanduku. Shati moja liliingia makunyanzi na nikalivaa hivyo hivyo.

Kwa hiyo nitabaki mpaka mtihani uishe. Lakini nina sharti, na nimelifikiria vizuri.

Mashine haijawahi kuniambia kwamba haijambo. Inasema 81, nami najua ni 81. Inasema 57. Hainionei huruma wala hainipambii. Wewe uliniandikia barua tatu ukasema kazi, kazi, kola, kola, na mimi nikaenda nikiamini namba nilizozielewa kinyume. Sasa nataka uniandikie kama inavyoandika yenyewe. Kila siku mstari mmoja, kwa siku saba, halafu utume.

Mstari uwe na mambo mawili. La kwanza, ngazi. Kutoka chini mpaka chumbani kwako ni ngazi ishirini na mbili, nilizihesabu tangu sijaanza shule. Andika umepanda ngapi kabla ya kulazimika kusimama. La pili, andika neno moja ambalo usingeniambia.

Ukinitumia huo, nitakaa kwenye chumba cha mtihani na akili zangu zote. Usiponitumia, nitakuwa nimekaa pale mwili tu. Sikutishi. Nakueleza jinsi nilivyo.

Juzi kwenye zoezi la hesabu nimekuwa wa nane. Hiyo ni namba yangu ya wiki hii.

Mwanao,
Pini


Nyumbani, tarehe 5 Novemba

Pini,

Marahaba. Barua yako ilifika Alhamisi. Nimeiambia karatasi kwamba nimekuwa mashine uzeeni. Haya, pokea.

Alhamisi, tarehe 30. Ngazi ishirini na mbili. Hapana, nimedanganya, na sifuti ili uone. Ngazi tisa. Neno: nimezoea.

Ijumaa. Ngazi kumi. Neno: dawa ya kuvuta naiacha siku nyingine kwa sababu ladha yake ni mbaya. Sitaiacha tena.

Jumamosi. Ngazi saba. Mvua, na jirani alichoma takataka. Neno: leo sikutaka kukuandikia.

Jumapili. Ngazi kumi na moja. Fundi viatu alisimama chini akihesabu kwa sauti kama yuko mnadani, "Kumi! Kumi na moja! Nani atatoa kumi na mbili?" Nikamwambia afunge mdomo, nikacheka, kicheko kikanimaliza pumzi. Neno: ningefika kumi na mbili.

Jumatatu. Ngazi kumi na moja. Nilikwenda kliniki. Daktari amepima pumzi zangu kwa kibomba cha kupuliza, amesema hazijashuka tangu Agosti. Nikamuuliza, zitapanda? Akasema, "Kutoshuka ni habari kubwa, mama." Neno: nilitaka aseme zitapanda.

Jumanne. Ngazi kumi na mbili. Nimeuza cherehani ile kubwa kwa fundi wa mtaa wa pili. Ile ndogo imebaki. Neno: mikono yangu haijui iwekwe wapi, naishika shika meza kama nimepoteza kitu.

Leo Jumatano. Neno nalitanguliza. Naogopa. Siogopi kufa sana, naogopa kuwa mtu wa kupandishwa ngazi na watu. Sijamwambia daktari, wala fundi viatu. Nimekuambia wewe, na nimeona kwamba ukilisema halikuangushi.

Ngazi ni kumi na tatu. Ndipo nilipokaa sasa hivi, karatasi iko gotini, ndiyo maana mwandiko umepinda. Juu namsikia mpangaji wako. Zimebaki tisa. Sina haraka nazo, nitapumua kwanza, kisha nitaendelea.

Shangazi yako